Kabla Ushushe Giaboksi, Skiza Pedali Kwanza

Wasee, kila nikipost video nikiendesha pikapu ya mzee, lazima mtu aulize kwa nini bado tuko na gari ya manuali kama watu wa zamani. Jibu ni rahisi: hiyo manuali ndiyo inalipa karo. Mzee hubeba kabeji na viazi kutoka Kieni, upande wa Naro Moru, anapeleka soko la Karatina. Gari ni Hilux ambayo imenizidi umri. Na leo nataka kuwaambia vile tulikaribia kumaliza bonasi ya majani chai kwa sababu ya raba ndogo kuliko kifuniko cha soda.

Ilikuwa Oktoba. Tulitoka Naro Moru saa kumi na moja asubuhi, baridi ya mlima imekolea, mzigo umejaa. Kufika Marua mzee akakanyaga klachi apunguze gia, pedali ikaenda mpaka chini na ikakaa huko. Akaiinua na ncha ya kiatu. Gia ikakataa, ikalia krrr. Akapampu mara tano, sita, ikaingia. Hivyo ndivyo tulifika Karatina, tunapampu kila tukitaka kubadilisha gia, mzee ananyamaza na mimi nanyamaza zaidi.

Fundi wetu amekuwa akishika hiyo gari tangu sijazaliwa. Mzee akamwambia klachi imekataa. Fundi hata boneti hakufungua. "Hiyo imeisha. Tushushe giaboksi, tubadilishe sahani, presha na beringi." Elfu thelathini na mbili, pamoja na kazi. Bonasi ilikuwa imeingia wiki hiyo hiyo, na tayari ilikuwa na mwenyewe: salio la karo ya dadangu aliyekuwa anafanya KCSE.

Mzee akasema sawa. Hapo ndipo nikafungua mdomo, na kwetu kijana hamkosoi mzee mbele ya mzee mwingine. Nikasema, "Pole fundi, lakini hii klachi haitelezi." Aliniangalia kama mtoto aliyetukana kanisani.

Sasa skizeni, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huliwa doo. Klachi ina magonjwa mawili, na yanapingana kabisa. La kwanza ni kuteleza. Unapanda kutoka Sagana kuelekea Karatina na gia ya nne, unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, na unasikia harufu ya kuungua. Hiyo sahani imelika. Toa pesa, hakuna njia nyingine.

Ugonjwa wa pili ni klachi kukataa kuachia. Umekanyaga pedali mpaka mwisho lakini injini na giaboksi bado zimeshikana, ndiyo maana gia inalia, hasa ya kwanza na rivasi. Zima injini ujaribu gia. Zikiingia laini gari ikiwa imezimwa, halafu zikatae ikiwaka, uko hapa. Na ukipampu pedali ikapata nguvu, manze, sahani haiponi kwa kupampuliwa. Hapo unashuku mafuta: yanavuja, au kuna hewa ndani.

Kwa sababu kwenye gari kama hii hakuna waya kati ya mguu wako na klachi. Kuna mafuta yale yale ya breki. Pedali inasukuma masta silinda, mafuta yanapita kwenye paipu, yanasukuma silinda ingine ndogo kule kwenye giaboksi, mafundi wanaiita slevu. Mafuta hayabanwi, hewa inabanwa. Hewa ikiingia, mguu wako unabana hewa tu na klachi haisongi.

Nikaomba tochi ya simu ya mzee. Kikopo cha mafuta ya klachi kilikuwa karibu kikavu. Nikaingiza kichwa chini ya dashibodi, mahali fimbo ya pedali inaingia kwenye masta: pakavu. Nikalala chini ya gari, nikavuta ile raba inayofunika slevu, mafuta machafu meusi yakanidondokea shavuni. (Usifanye hivyo. Hayo mafuta hubandua hata rangi ya gari.) Kungekuwa kote kukavu na kikopo kimejaa, ningeshuku raba za ndani ya masta, zile zinazopitisha mafuta kimyakimya hadi gari inaanza kutambaa ukiwa bado umekanyaga klachi.

Fundi akainama, akaona, akasema tu, "Aaa, hii nayo." Kwenye Hilux hiyo, slevu iko nje ya giaboksi, imeshikwa na bolti mbili. Kuna magari mengine iko ndani na lazima giaboksi ishuke, kwa hivyo usiende kupigana na fundi wako bila kujua yako iko wapi. Raba mpya zilikuwa shilingi 450, mafuta ya DOT 3 yakawa juu yake. Mimi nikakanyaga pedali na kuishikilia, yeye akafungua nati ya kutoa hewa, akaifunga kabla sijaachilia, tukarudia hadi mapovu yakaisha. Saa moja hivi.

Sidhani alikuwa anatuibia. Nadhani alisikia neno klachi akaacha kuskiza mengine. Lakini elfu thelathini na mbili ingeenda, wangeweka sahani mpya, na slevu ingeendelea kuvuja palepale.

Aliitisha elfu moja. Mzee akampa mbili, na mimi nikanuna mpaka tukatoka mjini. Enyewe nilikuwa nangoja kupongezwa. Tulipofika Marua mzee akauliza, bila kunitazama, "Hayo mafuta yalianza kupungua lini?"

Hayo mafuta si petroli, hayatumiki yakaisha. Yakipungua mara moja namna hiyo, kuna mahali yanaenda. Hiyo nilijua. Na mimi ndiye huosha hiyo gari na kuangalia boneti kila Jumapili.

"Agosti," nikamwambia. "Niliongeza kidogo nikafunga."

Hakuniongelesha tena mpaka tukafika Othaya.