Kupanda Ghisallo kwa Gia Mbili

Nilitaka kuufikia mlima Ghisallo, kaskazini mwa Italia, kama walivyoufikia wanamashindano wa miaka ya 1920: kwa baiskeli ya chuma isiyo na kibadilisha gia. Gia zangu mbili zote zilikuwa kwenye gurudumu la nyuma, moja kila upande. Upande mmoja una meno 16 na hauna friwili; gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, utake usitake. Upande wa pili una friwili ya meno 20, ya milimani. Ukitaka kubadili gia unashuka, unalegeza nati, unageuza gurudumu, unakaza mnyororo, ndipo unapanda tena.

Nilianzia Milano, kwenye uwanja wa Vigorelli uliofunguliwa mwaka 1935. Njia yake ni ya mbao, mzunguko wake haufiki mita 400, na kona zake zimeinuka kama ukuta. Hapo, tarehe 7 Novemba 1942, vita vikiwa vimepamba moto, Fausto Coppi aliendesha baiskeli peke yake kwa saa nzima akapita kilomita 45 na kuweka rekodi. Hakuna aliyeivunja rekodi hiyo hadi mwaka 1956, Jacques Anquetil alipofika Vigorelli hapohapo akamaliza kilomita 46.159. Baiskeli zao hazikuwa na friwili wala breki. Kwa dakika 60 miguu haikupata hata mzunguko mmoja wa kupumzika. Nilisimama ukingoni mwa zile mbao nikaona jinsi kazi ile ilivyokuwa kubwa.

Kutoka stesheni ya Cadorna nilipakia baiskeli kwenye treni hadi Como. Kutoka hapo ni kama kilomita 30 kufika Bellagio, kwa barabara nyembamba iliyobanwa kati ya mwamba na ziwa, inayopanda na kushuka ikipita Torno na Nesso. Nilikwenda na gia isiyo na friwili. Kwenye vilima vifupi gurudumu lenyewe huusaidia mguu: kasi uliyokuja nayo huipitisha pedeli pale juu ambapo nguvu hupungua. Kwenye mteremko mambo hugeuka, nawe unaizuia baiskeli kwa mapaja, kidole kikiwa tayari kwenye breki ya mbele. Kwenye kona hulali sana, maana pedeli ya upande wa ndani itagonga lami. Basi macho hayatoki barabarani. Unaisoma njia mapema, unapunguza kabla ya kona, unaongeza kabla ya kilima. Sijui namna nyingine ya kuendesha baiskeli inayompa mtu furaha ya aina hiyo.

Bellagio nilitoa spana nikageuza gurudumu. Wakati wa akina Alfredo Binda, aliyeshinda mbio za Lombardia mara nne kati ya 1925 na 1931, kazi hiyo ilifanywa katikati ya mashindano kwa nati zenye masikio. Inasimuliwa kwamba mwaka 1927, kwenye mlima Croce d'Aune, Tullio Campagnolo alishindwa kuzifungua kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Mwaka 1930 alisajili uvumbuzi wa ekseli inayofunguka kwa wenzo mmoja, na wenzo huo bado uko kwenye mamilioni ya baiskeli. Mabingwa wa Tour de France wenyewe hawakuruhusiwa kutumia kibadilisha gia hadi mwaka 1937.

Toka ziwani hadi juu ni zaidi ya mita 500 za kupanda. Kilomita za kwanza ni kali mno. Mahali fulani mwinuko unafika asilimia 14. Nilisimama juu ya pedeli, nikivuta usukani kwa kila mkanyago, mikanda ya ngozi ikinibana viatu. Kisha, baada ya Guello, mlima unalegea na barabara inakaribia kuwa tambarare kuelekea Civenna. Hapo ndipo nilipowaelewa wazee wale. Meno 20 yalikuwa mepesi kupita kiasi. Miguu ilizunguka ovyo na mwendo hauongezeki. Nishuke nigeuze? Nikigeuza, ukali unarudi baada ya kilomita chache tu. Nisipogeuza, mwenzangu aliyegeuza ananiacha. Katika mashindano, uamuzi huo ungeweza kuamua nani anashinda. Mimi nilibaki na meno 20 hadi kileleni.

Juu kuna kanisa dogo la Madonna del Ghisallo, ambaye mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza kuwa mlinzi wa waendesha baiskeli. Kutani zimetundikwa baiskeli za Coppi, Gino Bartali na Eddy Merckx. Ipo pia ya Fabio Casartelli, bingwa wa Olimpiki wa 1992, aliyefariki akishuka Portet d'Aspet katika Tour de France ya 1995. Nilikaa mbele ya hiyo kwa muda mrefu.

Nje, mzee mmoja aliinama akalitazama gurudumu langu. Hakuuliza bei wala umri wa baiskeli.

"Umegeuzia wapi, mwanangu?"

"Bellagio, mzee."

"Na pale Civenna?"

"Nimeacha vilevile."

Akafikiri kidogo. "Kama miguu ilikuwa imechoka, umefanya sawa."

Kibadilisha gia ni chombo bora, na Coppi mwenyewe alikitumia kushinda barabara hizihizi. Lakini mwenye gia nyingi anaweza kuuvuka Ghisallo bila kujua kwamba una sehemu mbili kali na tambarare katikati. Mwenye gia mbili lazima aujue mlima, na aijue miguu yake pia, kwa sababu kila kosa atalilipa kwa jasho. Ujuzi huo ndio ninaoupenda katika baiskeli hizi, na haupatikani kwa kuzitazama zikiwa zimetundikwa. Unapatikana barabarani, spana ikiwa mfukoni.