Petroli Iliyokuwa Ikipotea



Wengi wenu mmenikuta Jumamosi asubuhi nyuma ya nyumba, kanzu nimeitundika kwenye mpapai na mikono ni myeusi hadi viwikoni, mkaniuliza: "Ustadh, umeacha kusomesha umekuwa fundi?" Sijaacha. Nina diploma ya masomo ya Kiislamu, na cheti cha ufundi sina. Habari za injini nimejifunza kwa kulazimika, na gharama yake haikuwa ya fedha peke yake. Mhariri aliponiomba makala ya mwaka huu nikaona niandike habari hiyo, ingawa sehemu yake moja inanitia aibu.

Gari la madrasa mnalijua, ile Corolla nyeupe ya mwaka 1990 inayobeba unga, mikeka na wanafunzi wadogo hapa Tanga. Lilitoka kiwandani na injini ya 2E, cc 1295, ya kabureta. Mwaka 2021 injini ile ilichoka, ikawa inakula oili, na wazazi wakachanga tukanunua injini ya mtumba kutoka Japani, 4A-FE ya cc 1587. Hii haina kabureta; petroli hupulizwa na nozeli zinazoamrishwa na kontroliboksi. Kwa hiyo kuibadilisha si kufungua bolti na kufunga nyingine tu. Fundi alibadilisha pampu ya petroli, akaweka bomba la kurudisha petroli kwenye tangi, akavuta waya upya, na kwa kuwa dashibodi ya zamani haikuwa na taa ya kuonyesha kosa la injini, fundi umeme alining'iniza balbu ndogo chini ya usukani. Gari likawaka siku hiyo hiyo. Lilikuwa na nguvu, na tulifurahi sana.

Wakati ule gari aliliendesha kijana mmoja aliyesoma hapa hapa kwetu. Jina lake silitaji, wakubwa wenu wanamjua. Mwaka 2022 nilimtia petroli lita 15 apeleke wanafunzi Muheza kwenye mashindano ya kusoma Qur'ani. Kwenda na kurudi hakufiki kilomita 90, lakini aliporudi taa ya petroli ilikuwa inawaka. Gari la injini ile linapaswa kwenda kilomita 10 au zaidi kwa lita moja. Nikapiga hesabu usiku ule, na hesabu ikaniambia kwamba nusu ya petroli imechotwa. Sikumuuliza. Kesho yake, mbele ya walimu wawili, nilinyoosha mkono nikamwambia, "Nipe ufunguo." Akanipa. Hakusema neno, na mimi nilikuchukua kunyamaza kwake kuwa ni kukiri.

Nikaanza kuendesha mwenyewe. Petroli ikaendelea kuisha vile vile.

Hapo ndipo ningepaswa kumwendea, lakini sikwenda. Nililaumu kituo cha mafuta, nikalaumu bomba nililohisi linavuja, nikalala chini ya gari na tochi mara tatu nisione hata tone. Miezi ikapita hivyo. Yeye alikuwa ameanza kuendesha bodaboda, na tukipishana njiani aliniamkia kwa adabu zake zote.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 nilikata shauri niikague injini yenyewe. Nilianza na plagi, maana plagi ndiyo inayokuonyesha mambo ya ndani ya silinda bila kufungua silinda. Zote nne zilikuwa na masizi meusi makavu. Plagi ya injini inayochoma vizuri huwa na rangi ya kahawia hafifu. Masizi ya namna ile maana yake petroli imezidi hewa. Nikachomoa kijiti cha oili nikakinusa: petroli. Basi petroli ilikuwa haiibwi. Ilikuwa inaingia kwenye injini, nyingine inatoka moshi na nyingine inateremka kuharibu oili.

Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo kilichoandikwa DIAGNOSIS, kilichokuja pamoja na waya za injini. Ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa itawakawaka na kuhesabu namba ya kosa. Namba 22, kwa mfano, ni waya au sensa ya joto la maji. Balbu yetu iliwakawaka kwa mpigo mmoja usiobadilika, maana yake hakuna kosa. Nikasema kontroliboksi nayo inanidanganya! Nikaazima mita ya umeme, nikaenda mwendo wa nusu saa barabara kuu, niliporudi tu nikapima sensa ile ya joto. Katika injini hii omu 300 hivi ni nyuzi 80, na zikizidi 2,000 ni nyuzi 20. Mimi nilipata 800. Yaani baada ya nusu saa ya mwendo, katika joto la Tanga, maji ya injini hayajafika nyuzi 60. Kontroliboksi ilikuwa inasema kweli: injini ni ya baridi, na injini ya baridi huongezewa petroli.

Nikafungua kifuniko pale mpira wa maji wa chini unapoingia kwenye injini. Ndani mlikuwa mitupu. Themostati ilitolewa siku injini ilipofungwa.

Nilipouliza gereji, nikajibiwa, "Ustadh, hiyo ni ya nchi za baridi, huku kwetu inachemsha gari." Maneno haya mtayasikia kwa mafundi wengi, nami sikubaliani nayo. Themostati ya injini hii hufunguka kwenye nyuzi 82. Jua letu likichoma sana ni nyuzi thelathini na kitu. Kwa injini, Tanga ni baridi vile vile. Na mimi kwa ujinga wangu nilikuwa nafurahi kuona mshale wa joto umelala chini.

Nilinunua themostati mpya, nikaijaribu kwanza kwenye sufuria ya maji jikoni (sufuria hiyo nimekwisha kuilipa, mama watoto asiendelee kuniandama), nikaiona inafunguka kabla maji hayajachemka, nikaifunga.

Magharibi ya siku hiyo nilimfuata yule kijana kwenye kijiwe chake. Nilimwambia yote, tena mbele ya wenzake, kwa kuwa ufunguo niliuchukua mbele za watu. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ustadh, mimi nilikwambia gari linanuka petroli. Ukaniambia napenda mwendo wa kasi." Kweli aliniambia. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Wiki ile ile gari lilipanda joto kwenye foleni ya sokoni, na aliyekuja kulitazama ni yeye. Alizima, akachomoa ufunguo, akasubiri lipoe (wanafunzi, kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi kamwe, maji yake hubabua uso), akapitisha kiganja mbele ya rejeta. Pembeni kulikuwa na moto, katikati baridi: imeziba. Kutoa themostati kulikuwa kumeficha ugonjwa huo tangu mwanzo. Tuliizibua, tukamwaga oili yenye petroli, tukaweka mpya.

Sasa pana daftari ndani ya gari, kila lita na kila kilomita inaandikwa. Safari ya mwisho ya Muheza ilikula lita 7. Yeye huja Jumamosi moja moja, hutazama oili na maji, hulisoma daftari, hunywa chai. Ufunguo nimemnyooshea mara mbili. Husema, "Baki nao tu, Ustadh," kisha hupanda pikipiki yake akaondoka.