Aliyenitambua ni Aliyekuwa Mbali

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba bado naona. Ugonjwa ulionipata unaitwa akromegali, na ulikuwa umeshafika kwenye mishipa ya macho kabla mtu yeyote hajanitajia jina lake. Mimi ni Mbajuni wa kisiwa cha Chula, pwani ya kusini mwa Somalia, na nadhani watu wengi wa visiwa vyetu, tangu Koyama hadi Kiamboni, hawajalisikia neno hilo. Ndiyo maana nasema hadharani mambo ambayo mwanamke wa kwetu husema na dada zake tu.

Ulianzia vidoleni. Kazi yangu ilikuwa kusuka ukili na kushona mikeka, na kazi hiyo inataka vidole vyepesi. Vyangu vikawa vinakufa ganzi usiku, asubuhi haviwezi kushika hata mwaa mmoja. Viatu vya namba 39 vikanibana, nikapanda namba baada ya namba hadi nikawa navaa vya kiume. Taya likatokeza mbele, meno ya chini yakaachana, sauti ikawa nzito, jasho halikauki hata kwenye upepo wa kusi. Kisha hedhi ikakatika, wakati wenzangu wa rika moja bado wanazaa. Hilo liliniuma kuliko yote.

Wako waliosema ni pepo, wako waliosema nimelogwa nigeuke mwanamume. Nilisomewa, nikaandikiwa kombe. Silikatai hilo: Qur'ani ilinituliza moyo na hata leo inanituliza. Lakini vijana wa Kismayu waliozoea kutazama mieleka kwenye video waliniita Andre, kwa jina la yule jitu wa Ufaransa. Baadaye nilijua kwamba Andre mwenyewe alikuwa na ugonjwa huu huu, na kwamba moyo ulimwua mwaka 1993 akiwa na miaka 46.

Zahanati moja iliniambia nina sukari. Nyingine ikaniambia nina presha. Nyingine ikanipa dawa za maumivu ya viungo. Kila moja ilitibu kipande chake, na hakuna aliyeuliza mtu mzima anawezaje kuendelea kukua miguu. Halafu tangu 2008, Al-Shabaab walipoushika mji wa Kismayu, hadi walipoondoka 2012, mwanamke kusafiri bila mahram lilikuwa jambo la hatari, achilia mbali kuvuka kwenda Kenya kutafuta daktari. Miaka hiyo ndiyo kichwa kilipouma mfululizo, nikaanza kugongana na watu kwa kuwa sikuwa nikiwaona wanaotokea pembeni.

Aliyenitambua kuwa mgonjwa ni mdogo wangu. Vita vilipotutoa visiwani mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulikimbilia Mombasa kwa jahazi, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Jomvu. Kambi zilipofungwa, mimi nikarudishwa Chula pamoja na wengine, yeye akabaki, mwishowe akaenda Uingereza. Tulionana tena Mombasa, mwaka 2014, kwenye harusi ya jamaa. Alinipita mlangoni. Alipoambiwa ni mimi, alinishika uso kwa mikono miwili akalia mbele za watu. Wanangu walimshangaa, maana kwao mama yao ndivyo alivyo.

Hapo ndipo penye siri ya maradhi haya. Uso hubadilika kidogo kidogo, na macho ya nyumbani yanauzoea kadiri unavyobadilika. Kote duniani hupita miaka mitano hadi kumi tangu dalili za kwanza hadi mgonjwa kujulikana. Daktari Mfaransa Pierre Marie aliupa ugonjwa huu jina mwaka 1886, na mpaka leo madaktari huomba picha za zamani. Mdogo wangu alikuwa nayo moja, tuliyopigwa studio siku za Jomvu. Daktari wa Mombasa aliiweka mezani, akanitazama, akaitazama, kisha akaniuliza namba ya viatu. Sijui ni miaka mingapi nilikuwa nikilisubiri swali hilo!

Damu ilipimwa kiwango cha IGF-1, ambacho hupanda homoni ya ukuaji inapozidi, kikawa juu sana. Nikanyweshwa gramu 75 za sukari ya glukosi: kwa mtu mzima wa afya, homoni ya ukuaji hushuka akinywa sukari hiyo, yangu haikushuka. Picha ya MRI ikaonyesha kilichokuwa kikiitoa homoni hiyo: uvimbe, usio saratani, kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo nyuma ya pua. Tezi yenyewe haizidi punje ya kunde. Uvimbe ulikuwa umepita sentimita moja na kuibana mishipa ya macho. Mifupa ya mtu mzima hairefuki tena, kwa hiyo homoni iliyozidi huinenepesha, huikuza mikono, miguu, taya, na ndani hukuza moyo pia.

Nilipasuliwa Nairobi, kupitia puani. Fedha walichanga Wabajuni wa Mombasa, wa Lamu na wa Uingereza, zikaja kwa hawala. Wengi wao ni watu wasio na chao. Sisi ni wachache, vita vilitukuta bila ukoo mkubwa wa kutulinda, na sijui kama kuna kabila lingine ambalo lingenifanyia vile. Mungu awalipe.

Kichwa kiliacha kuuma. Macho yakafunguka pembeni, sukari ikashuka, vidole vikalainika, na nasuka tena. Mifupa haikurudi: taya ni hili, sauti ni hii. Uvimbe kidogo ulibaki. Sindano ya oktreotaidi ya kila mwezi siiwezi kwa bei, na inataka friji, kitu ambacho Chula si rahisi kukipata. Nameza vidonge vya kabegolini, ambavyo kwa bahati vinanifaa, na kila mwaka napima damu.

Basi wewe uliyeko Mombasa, London au Muscat, siku utakayorudi kwenu ukamkuta dada au kaka amebadilika sura, usinyamaze kwa kuogopa kumvunjia heshima. Mchukue pembeni, umuulize kuhusu viatu na kichwa. Mtafutie picha ya zamani, umpeleke kwa daktari, na daktari mwambieni apime IGF-1.