Mama Yake Ni Nani?

Mvua ilipotunyima misimu mitano mfululizo, hadi mwisho wa 2022, zizi la baba mkubwa hapa Ewuaso Kedong lilibaki na ng'ombe wachache wa kuhesabika. Mimi nilikuwa Kitengela, nikitengenezea watu hifadhidata. Niliporudi nyumbani aliniambia, "Mwanangu, niandikie hawa waliobaki."

Nilianza na mbinu niliyoizoea kazini: kila ng'ombe apewe namba mbili, ya kushoto na ya kulia, na namba za wanawe zikae katikati ya za mama. Ukitaka ukoo mzima, swali moja linatosha. Wiki ya pili akazaliwa ndama, nikalazimika kubadilisha namba za karibu zizi zima. Kwa ndama mmoja! Nikaiacha mbinu hiyo.

Baba mkubwa hana mambo hayo. Mwonyeshe mtamba yeyote, atakutajia mama yake, na mama wa huyo mama, mpaka amfikie ng'ombe aliyepewa na rafiki yake miaka mingi iliyopita. Hadi leo wawili hao wanaitana *pakiteng*, yaani waliopeana ng'ombe, si kwa majina. Nami nikaandika hivyo hivyo. Jedwali moja, kila mstari na namba ya ng'ombe na namba ya mama yake. Yule wa zawadi, nafasi ya mama ikabaki tupu. Mtaalamu wa kompyuta Edgar Codd alipopendekeza mwaka 1970 kwamba data ikae kwenye majedwali, mti wa ukoo haukuwa na mahali pake pa kusimama humo. Lakini tangu toleo la 1999 la SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, swali linaweza kujirudia lenyewe, mama yake ni nani, na wa huyo ni nani, likapanda kizazi baada ya kizazi hadi jibu liishe. Mti unaota kwa kuulizwa.

Tulikwama kwa wafu. Alitaja ng'ombe aliyeanguka wakati wa ukame, nami nikampita.

"Mbona huandiki?"

"Amekufa, baba mkubwa."

"Na binti yake huyu umemfunga wapi?"

Sikuwa na jibu, ingawa kompyuta ilishanifundisha. Ukifuta mstari wa mama, kutegemea ulivyoagiza, hifadhidata itakukatalia, au itaondoka na wanawe wote, au itawaacha wanawe bila mama. Nikamwandika, nikaongeza safu ya hali yake: hai au amekufa.

Kwetu Wamaasai jina la marehemu halitajwi ovyo. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na nimekua nikidhani kimya kile ni kusahauliwa. Giza lilipoanza kuingia, baba mkubwa alinyoosha fimbo kwa mtamba mwekundu aliyesimama peke yake kando ya miiba.

"Huyo ukoo wake ni wa nyumba ya mama yako," akasema. "Mwandike vizuri."

Nikaanza na nyanya wa mbali wa yule mtamba, aliyekufa kabla sijazaliwa.