Sanduku la Safari ya Kaskazini

Sisi watu wa pwani tukitaja kaskazi twakusudia joto. Ni upepo uvumao kuanzia Disemba hadi Machi, watu wakalala barazani kutafuta hewa, na zamani majahazi ya Ghuba yakatufikia na tende na mazulia yake. Kikiingia kipindi cha kusi, kuanzia Aprili, majahazi yale yakatweka kurudi kwao. Nahodha hakubahatisha, alijua mwezi wa kusafiri na mwezi wa kupandisha chombo pwani. Katika Suratu Quraysh pia imetajwa misafara miwili, wa kipupwe na wa kiangazi, kila mmoja na wakati wake. Basi mtu aliyelelewa katika mpango huo, akiambiwa afunge mizigo kwenda kaskazini ya dunia mwishoni mwa msimu, hana budi kuuliza: huko wakati huo ni joto au ni baridi? Na jawabu la kweli ni kuwa vyote viwili vyaweza kumfikia kabla ya adhuhuri.

Wasomaji kadhaa wametuuliza tulivyojitayarisha kwa safari tuliyoifanya mwaka uliopita, sisi na mama watoto wetu, katika mwambao wa Norwei. Wengi wa waliouliza ni akina mama wenye watoto ughaibuni, wanaoitwa kwa mapenzi lakini wanaiogopa baridi. Tumeona tujibu kwa maandishi ili faida iwe ya wote.

Binti yetu anaishi Bergen, kazi yake ni kuuguza wazee. Kwa miaka sita mamake hakumtia machoni, na mjukuu wetu wa miaka minne alimjua bibi yake kwa uso wa kwenye simu tu. Likizo yake iliangukia mwisho wa Septemba, naye akatukata sisi sote wanne tiketi za meli ya mwambao, kutoka Bergen hadi Kirkenes, jirani na mpaka wa Urusi. Njia hiyo ilianza mwaka 1893, meli iitwayo Vesteraalen ilipochukua barua na abiria kutoka Trondheim hadi Hammerfest. Leo njia hiyo ina bandari 34, na kwenda tu huchukua siku 7. Watalii huipanda kwa starehe, na wenyeji huipanda kwa haja zao, kufika mji wa pili, kama sisi tupandavyo feri ya Likoni.

Mwisho wa msimu una fadhila zake. Tangu katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai, huko Nordkapp jua halituwi kabisa, na anayengojea Magharibi hupata tabu. Lakini ifikapo tarehe 22 au 23 Septemba, usiku na mchana hukaribia kulingana duniani kote, na nyakati za swala hazimchanganyi sana mtu wa Mombasa, isipokuwa machweo yao hukawia kuingia giza. Tena usiku ukiwa safi, mtu huona mianga ya kijani ikitembea mbinguni, jambo lisiloonekana huko wakati wa kiangazi kwa sababu hakuna giza.

Thamani yake hulipwa kwa hali ya hewa. Bahari ile hupata mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki, ndiyo maana bandari zake hazigandi hata baridi ikishtadi. Lakini kiangazi kikimalizika, hewa baridi ya ncha ya dunia huanza kuteremka, ikakutana na ile hewa ya bahari yenye joto na unyevu, na mahali pa kukutana ni papo hapo mwambaoni. Bergen hupata zaidi ya milimita 2000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mombasa. Kisha meli hupanda kutoka nyuzi 60 za latitudo hadi kupita 71, na kila asubuhi abiria huamkia mbingu nyingine.

Mama watoto ana pumu. Alipopata habari ya tiketi alifurahi, kisha akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu alimpigia binti yetu, akamwuliza mambo mawili bila kuzunguka.

"Mwanangu, nitavaa nini huko nikabaki na stara yangu? Sitavaa kama mwanamume. Na nikifa, mtanizika wapi?"

Binti alimjibu la pili kwanza: kwamba Waislamu wako huko, wanaswali na wanazikana. La kwanza akasema, "Hilo, Mama, tutalipanga mimi nawe." Wakalipanga kwa wiki tano, kila Ijumaa baada ya Alasiri.

Shirika la ndege lilituruhusu kilo 23 kila mmoja. Chini kabisa ya sanduku lake, kabla ya kitu chochote, mama watoto alitandika sanda yake, ile aliyorudi nayo Makka ikiwa imeoshwa kwa maji ya Zamzam. Hatukumwambia kitu. Mwanamke mwenye pumu anayekwenda nchi za theluji ana haki ya kufikiria maziko yake, na kumwambia asiogope si dawa ya hofu. Dawa ni kumtayarishia ya kumkinga.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba nguo moja nzito haifai. Ndani ya meli mna joto la kutosha kukaa kwa kanzu. Nje upepo hukata. Aliyevaa koti moja kubwa juu ya nguo nyepesi ama hutokwa na jasho ama hutetemeka, na jasho likipoa mwilini huwa ndiyo baridi yenyewe. Mfano wake ni paa la makuti. Kuti moja halizuii mvua wala jua. Yakipangwa tabaka kwa tabaka, nyumba husimama miaka. Nguo vilevile. Ya ndani kabisa iwe ya sufu nyembamba iliyoshika mwili. Ya kati ni sweta ya sufu. Ya nje haina haja ya kuwa nzito, bali isipitishe upepo wala maji. Joto hukaa katika hewa iliyozuiliwa kati ya tabaka, na mtu huvua moja au huongeza moja kadiri anga linavyogeuka.

Pamba, ambayo ndiyo vazi letu la kila siku, huko isiguse ngozi wakati wa kutoka nje. Pamba ikilowa hushika maji na kumpoza mtu. Sufu hata ikilowa huendelea kutia joto. Kwa hiyo leso zetu hazikuachwa, lakini zilipewa kazi nyingine. Jozi tatu zilitosha kuwa vazi la swala la mama watoto, shuka ya kujifunika kitini, na taulo ya dharura.

Ama gharama, msiogope. Watu wa Mombasa hawagombanii sweta za sufu, na kwa sababu hiyo katika mitumba ya Kongowea hupatikana nzuri kwa bei ndogo. Someni kitambaa cha ndani ya shingo muone kama ni sufu kweli. Tulipata sweta nne na koti moja refu la mvua lenye kofia, la mtu mwenye mwili mara mbili ya mama watoto. Muuzaji alidhani tunakosea. La hasha, lilitakiwa livaliwe juu ya buibui.

Na hapa ndipo palipokuwa na kazi ya fundi. Buibui jepesi la kuburura chini, katika upepo wa sitahani na ngazi za chuma zilizolowa, ni hatari. Upepo hulijaza kama tanga, na pindo hunasa mguuni. Fundi wa Mji wa Kale alimshonea mama watoto buibui la kitambaa kizito, lililofungwa vifungo mbele hadi chini, mikono yake imekazwa kwa mpira, na pindo limeishia kwenye kifundo. Chini yake alivaa suruali pana ya sufu na buti, na stara ikatimia bila kasoro. Kichwani mtandio wa sufu nyembamba uliobanwa vizuri, juu yake kofia ya koti. Siku alipolijaribu vazi lote, alizunguka chumbani mara mbili, akasema, "Sasa naweza kwenda." Tuliona kuwa ruhusa ya safari ilitoka hapo, wala haikutoka kwetu.

Daktari wake alitia shauri lake. Hewa baridi na kavu hukaza njia za pumzi, lakini ikipita kwanza katika kitambaa kilichofunika pua na mdomo hupata joto na unyevu. Mtandio aliouzoea tangu usichana ukawa sehemu ya tiba. Dawa ya kuvuta alibeba mbili, zote katika mkoba wa mkononi, pamoja na cheti cha daktari na vidonge vya kichefuchefu. Dawa haziwekwi katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, kwani sanduku laweza kuchelewa na pumu haingoji.

Nasi tulikuwa na fikira zetu za udhu. Chumbani maji moto yapo. Shida ni bandarini, mtu anapotembea saa tatu katika mvua kisha avue buti na soksi aoshe miguu. Sharia imetangulia kulifikiria jambo hilo kwa kuruhusu kupaka maji juu ya khufu, yaani soksi za ngozi. Mkazi hupaka mchana mmoja na usiku wake. Msafiri hupaka michana mitatu na masiku yake, hesabu ikianza pale udhu unapotenguka kwa mara ya kwanza baada ya kuzivaa. Sharti avae akiwa na tohara kamili, na zifunike miguu hadi juu ya vifundo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, soksi nyepesi za dukani zinazopitisha maji hazitoshi. Zetu tulikuwa tumezinunua Madina, na uzito wake ni mdogo kuliko wa kiatu.

Tulibeba pia dira. Hapa Mombasa, Makka iko karibu kaskazini barabara, na wazee wetu wakilitaja neno kibla hukusudia pia upande wa kaskazini. Kule kibla ni kusini-mashariki, na meli huzunguka kisiwa baada ya kisiwa, ikawa ukuta ulioelekewa Adhuhuri sio wa Magharibi.

Usiku wa kuamkia safari mizani ilionyesha kilo nne za ziada katika sanduku la mama watoto. Alitoa mchele wa biriani, chupa za achari na makubadhi mapya. Nyama na vitu vya maziwa hatukuvitia tangu mwanzo, kwani Norwei hairuhusu kuviingiza kutoka nchi zetu. Ilibaki tangawizi kavu na iliki. Sanda haikuguswa.

Hali ya hewa ilifanya kila lililotabiriwa. Bergen ilitupokea kwa manyunyu. Ålesund kulikuwa na jua, makoti tukayabeba mikononi. Kwenye bahari wazi ya Hustadvika meli ilipanda na kushuka, na mama watoto akaswali amekaa, kwa sababu mwenye kuchelea kizunguzungu chomboni amepewa ruhusa hiyo. Tromsø ilinyesha mvua iliyochanganyika na theluji. Honningsvåg jua lilikuwa likiwaka tulipoteremka, na kabla hatujafika mwisho wa gati ikatupiga mvua ya mawe. Mjukuu alilia. Bibi yake akafungua koti la Kongowea, akamwingiza ndani, akafunga vifungo juu yao wawili, kikabaki kichwa kidogo kikichungulia kidevuni pake. Wakatembea hivyo hadi melini. Dawa ya kuvuta aliitumia mara moja tu katika safari nzima, na ilikuwa ni usiku, kwa vumbi la zulia.

Kwa mama anayejitayarisha, twamwachia machache. Tabaka tatu, mbili ziwe za sufu. Buti zilizokwisha kuvaliwa nyumbani wiki mbili, zisije zikamchubua ugenini. Glavu jozi mbili, kwani moja italowa. Kofia ya sufu hata ikiwa mbingu ni safi. Nguo nyepesi moja ya jua, asiidharau. Nafasi ya kilo mbili iachwe wazi. Na lolote ambalo moyo wake hautulii bila kulibeba, alibebe, na jamaa wasimcheke.

Sanda ya mama watoto ilirudi Mombasa kama ilivyokwenda. Juu yake paliongezeka jozi ya soksi nene, alizofumiwa na mwanamke mzee wa Kinorwei, jirani wa binti yetu, waliokuwa wakizungumza kwa mikono. Hapa hana pa kuzivaa, lakini amezikunja mahali pamoja na sanda, na tayari ameuliza likizo ijayo ya binti itakuwa mwezi gani.

Mola awakutanishe wazazi na watoto wao walio mbali, katika afya na stara. Wabillahi tawfiq.