Hakuna Mtu wa Jina Hilo

Mwaka ule ofisi yetu ya kanisa hapa Kongwa ilikuwa na seva yake ndogo ya barua pepe, imewekwa juu ya kabati la rejista za ubatizo, mbali na dirisha kwa sababu ya vumbi. Barua ilipofika, seva iliuliza kwanza saraka ya mtandao, yaani daftari la majina lililotunzwa mbali na sisi: je, huyu ni wa kwenu? Saraka ikimtambua, barua ilipokelewa.

Jumatatu moja watunzaji wa saraka waliyahamishia majina yote kwenye tawi jipya, na sisi hatukuambiwa. (Kongwa tumezoea. Mashamba ya karanga ya Waingereza yalianza hapa 1947 kwa matrekta na hesabu zilizopangwa London. 1951 mpango ukaachwa.) Seva yetu ikaendelea kutafuta kwenye tawi la zamani, isione mtu, na kila barua ikaijibu kwa namba 550: hakuna mtu wa jina hilo.

Namba hiyo ndiyo iliyotuuma. Ingekuwa 450, maana yake ni "kwa sasa siwezi, jaribu tena," na barua ingengoja kwa mtumaji, mara nyingi hadi siku 5. Lakini 550 ni kufunga mlango, kama mlango wa Mathayo 25. Mwinjilisti wetu mstaafu, aliyefundisha kipaimara nusu ya usharika, alikuwa anangoja hospitali imtajie tarehe ya upasuaji wa macho ya mkewe. Ikapigwa simu kwa mwanawe: barua imerudi, inasema mtu huyo hayupo. Mzee akaja na fimbo yake, akauliza kwa upole, "Mchungaji, nimeondolewa lini?"

Jina lake lilikuwa kabatini, katika rejista, chini kabisa ya mashine iliyomkana. Luther alipojaribiwa alijikumbusha kwamba amebatizwa. Tulimwambia mzee hivyo, naye akakubali, ila macho ya mkewe yalihitaji tarehe.

Kijana wetu wa kwaya alisoma kumbukumbu za seva akaliona kosa upesi. Hata hivyo hakuanza na kosa. Alibadilisha kwanza mpangilio mmoja wa Postfix unaogeuza 5 ya mwanzo kuwa 4, ili kukataa kote kuwe kwa muda tu. "Tuache kwanza kufukuza watu, Mchungaji," akasema. Tulitamani mabaraza yetu ya wazee yawe na mpangilio wa namna hiyo, hasa siku za kujadili nidhamu ya kanisa. Kisha akaandika jina la tawi jipya, akalijaribu jina la mzee, na saraka ikamtambua.

Barua zilizokwisha kukataliwa hazikurudi zenyewe. Kumbukumbu zilitaja watumaji 23, nasi tukawatafuta mmoja mmoja, hospitali ikiwa ya kwanza. Nafasi ilikuwa bado ipo, Alhamisi ya juma lililofuata. Mzee aliomba kuliona jina lake kwenye kioo cha kompyuta, akalisoma polepole, ndipo akaenda kukata tiketi mbili za basi la Dodoma.