Maji Yamwagwayo Saa Sita ya Mchana

Kila mwaka mvua za masika zikiisha kukatika, sisi wakaaji wa Karatu twaingia katika miezi mirefu ya ukavu. Juni na Julai ni miezi ya baridi, na asubuhi ukungu hushuka kutoka msitu wa milima ya Ngorongoro, hata mtu aweza kudhani kwamba ardhi ingali na maji. Lakini baadaye upepo huvuma kwa nguvu, jua la Septemba na Oktoba huwaka, udongo wetu mwekundu hupasuka, na vumbi hufunika majani ya migomba hata yasijulikane rangi yake. Katika Kiiraqw neno moja, Looa, ni jina la jua, tena ni jina la Mungu. Wazee waliotuachia neno hilo walijua ya kuwa jua si kitu cha kufanyiwa mchezo.

Habari tunayotaka kuieleza ni habari ya kosa letu wenyewe. Twaiandika bila kuficha, maana mwalimu afichaye kosa lake huwanyima wengine somo.

Mwaka 2021, wakati wa masika, tulipanda katika uwanja wa shule yetu miche 40 ya miparachichi, tukalima na matuta 12 ya sukuma wiki, kabichi na mnavu. Nia yetu ilikuwa njema: watoto wapate mboga pamoja na makande ya mchana, na miaka ijayo wapate kivuli na matunda. Mvua ilipokatika tukatoa amri kwamba kila siku watoto 60, kwa zamu, waje na dumu la lita 5 kutoka makwao. Na kwa kuwa asubuhi ni saa ya masomo, na jioni watoto wana njia ndefu ya kurudi, tukachagua kumwagilia saa sita ya mchana, kabla ya chakula. Wapita njia waliwaona watoto wamejipanga mstari, kila mmoja na dumu lake la njano, nasi moyoni tukajisifu kuwa shule yetu ina bidii.

Hata mwisho wa Agosti miche ikaanza kunyauka. Majani ya chini yakawa makavu pembeni kama karatasi iliyopitishwa motoni. Tukadhani watoto hawaleti maji ya kutosha, tukazidisha ukali: aliyefika bila dumu alirudishwa nyumbani kulifuata. Binti mmoja wa darasa la tano, mwenye akili nyingi, akaanza kuchelewa. Kisha siku za zamu yake akawa haji kabisa. Nasi, bila kuuliza, tukamwandika katika daftari kuwa mtoro.

Siku moja mama yake akaja shuleni, dumu tupu mkononi. Akatusalimu kwa adabu, nasi tukamkaribisha kiti. Akasema, "Mwalimu, sikuja kwa ugomvi. Maji ya dumu hili nayaamkia saa tisa ya usiku, maana kiangazi hiki bomba la kijiji latoa kidogo, na foleni ni ndefu. Punda sina; nabeba kichwani. Mtoto nampa, kwa kuwa shule ni yetu. Lakini juzi nilipita hapa mchana, nikaona maji yale yanamwagwa juu ya udongo unaowaka, na kabla sijafika kwenye kona yalikuwa yamekwisha kukauka. Tangu siku hiyo sikumpa tena. Mkitaka kumwadhibu mtu, mniadhibu mimi."

Tukakosa la kujibu. Tulikuwa tumehesabu madumu, wala hatukuhesabu usiku wa mama yule. Wasomaji wetu wanakumbuka habari ya Mfalme Daudi na mashujaa watatu waliopenya katikati ya adui ili kumletea maji ya kisima cha Bethlehemu. Daudi hakukubali kuyanywa, kwa kuwa aliona kwamba yale si maji tu, ni maisha ya watu waliojihatirisha kuyaleta, akamtolea Mungu. Sisi tulikuwa tumepokea maji ya namna hiyo kila siku kwa miezi mitatu, tukalipa jua.

Tukamwuliza, "Mama, wewe nyumbani wamwagiliaje?" Akajibu, "Njooni mwone."

Jioni ile tukaenda. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kibustani kisichozidi hatua sita kwa hatua nne, na ndani yake mboga zimesimama kijani, katika mwezi ambao mashamba ya jirani yalikuwa makavu kabisa. Tukatazama kwa makini, tukaona mambo manne.

Kwanza, matuta yake hayakuinuka kama yetu. Kila mche ulikaa katika kishimo kilichojaa samadi iliyooza, na ukingo wa udongo ukizunguka kama sahani, ili maji yasikimbie. Samadi hushika maji kama kitambaa kinavyoshika, kisha huyaachilia polepole.

Pili, udongo wote ulifunikwa. Mabua ya mahindi hakuyatumia, maana kiangazi mabua ndiyo chakula cha ng'ombe. Alitandaza maganda ya mbaazi na ya ngwara, pamoja na majani makavu ya mgrevilea. Tulipofunua kidogo, udongo chini yake ulikuwa baridi na mweusi. Kwa habari ya mchwa, alisema huyachungulia matandazo mara kwa mara, wala hayaachi yaguse shina.

Tatu, alimwagilia jua likiisha kupoa, au alfajiri, wala si kila siku. Alitia kidole katika udongo hata kifundo cha pili. Akikuta unyevu, aliliacha shimo lile hata kesho. Majani yakilegea mchana hakutishika, maana mimea mingi hulegea juani na kusimama tena jioni. Akiikuta imelegea asubuhi, hapo alijua kwamba ina kiu.

Nne, maji hayakufanya kazi mara moja tu. Yaliyooshea mboga na vyombo bila sabuni yalikwenda bustanini. Yenye sabuni ya kufulia aliyamwaga chini ya migomba, wala si juu ya majani ya kuliwa.

Kesho yake tulifanya jaribio mbele ya darasa la sita. Tulimwaga dumu moja juu ya eneo la mita moja ya mraba, tukangoja kidogo, kisha tukachimba. Maji hayakuwa yamezama kupita urefu wa kidole. Chini yake palikuwa na vumbi tupu. Tukawapa watoto hesabu. Lita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 1. Matuta yetu 12 yalikuwa na mita za mraba 120. Lita 300 juu yake ni kama mvua ya milimita 2 na nusu, hata kama miche isingepata tone. Na siku ya jua na upepo, ardhi yenye mboga hupoteza yapata milimita 5. Basi kila siku tulikuwa tukilipa nusu ya deni, na deni likikua. Tena mizizi hufuata maji: yakiishia juu, mizizi nayo hubaki juu, mahali jua linapochoma zaidi. Hivyo kwa kumwagilia kidogo kila siku tuliifundisha mimea yetu kufa.

Tukaona kwamba yatupasa kuchagua. Tuliacha matuta manane yapumzike, tukabaki na manne. Tukayachimba upya kwa mashimo na samadi, tukayatandaza kwa maganda ambayo wazazi walitupa bure. Kwa miche, tulinunua vyungu vya udongo visivyopakwa rangi, tukavizika hata shingo, kimoja karibu na kila mche uliobaki, tukavijaza maji na kuvifunika kwa vigae. Maji hupenya polepole katika kuta za chungu, udongo ukikauka huyavuta, udongo ukiloa huyaacha. Jambo hili si jipya. Katika nchi ya China, yapata miaka 2000 iliyopita, kitabu cha ukulima kilikwisha kufundisha kuzika chungu cha maji katikati ya mimea ya matikiti.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Wasomaji waliopata kushuka ukuta wa Bonde la Ufa hata Mto wa Mbu, wakafuata njia ya kaskazini, wamefika Engaruka. Huko, tangu yapata karne ya 15 hata karne ya 18, watu walilima katika nchi kavu kwa maji ya vijito vishukavyo kutoka juu. Mifereji yao ya mawe ingalipo, na vishamba vidogo vilivyosawazishwa na kuzungushiwa mawe vingalionekana. Hawakujaribu kulowesha nchi yote. Waliigawa vipande vipande, ili maji yakifika yatulie na kuzama. Ndugu zetu wa Mang'ola, penye chemchemi za Qang'dend, wana maji ya mifereji kwa vitunguu vyao. Sisi wa huku juu mfereji wetu ni kichwa cha mama na mgongo wa punda. Kwa hiyo yatupasa kuwa waangalifu kuliko wao.

Tungependa kuandika kwamba miche yote iliokoka, lakini haikuwa hivyo. Tulichelewa kujifunza. Tena mvua za vuli za mwaka ule zilikuwa haba sehemu nyingi za kaskazini ya Tanzania, na wafugaji wengi wakapoteza mifugo yao. Katika miche 40 ilibaki 17. Lakini hiyo 17 ilivuka kiangazi, na matuta manne yalitoa mboga zaidi kuliko yale 12 ya kwanza. Na tena, watoto walioleta maji kila siku walikuwa 20 tu, wala hakuna tena aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya dumu.

Binti yule tulimfutia utoro wake katika daftari mbele ya darasa lote, tukamwambia kwamba kosa lilikuwa letu. Mama yake tulimwomba aje kuwafundisha watoto kutengeneza mashimo. Mwanzoni alikataa, akasema yeye hakusoma. Tukamwambia, "Mama, sisi tuliosoma ndio tuliomwaga maji juani." Akacheka, akaja.

Basi, wasomaji, kiangazi kikija tena, msianze kwa kuuliza maji yapatikane wapi zaidi. Anzeni kwa kutazama yale mliyo nayo yanakokwenda. Funikeni udongo, pandeni pachache, mwagilieni jioni hata maji yazame, na kabla ya kuliinamisha dumu, kumbukeni ni nani aliyeamka usiku kulijaza.